Uzi: Mvua haisomwi bila joto. Tujadili namna ya kusoma grafu ya tabianchi ya mahali popote

Msoma Ramani (mwanzisha uzi)

Ndugu wana jukwaa, salamu kwenu nyote.

Ninaanzisha uzi huu kwa sababu ya jambo ambalo nimelishuhudia kwa miaka mingi niliyofundisha jiografia. Mtu akiwekewa mbele yake grafu ya tabianchi, ile yenye pau kumi na mbili za mvua na mstari wa jotoridi unaopita juu yake kuanzia Januari hadi Desemba, huisoma kana kwamba ni grafu mbili zilizokutana kwenye karatasi moja kwa bahati. Atataja mwezi wenye mvua nyingi, atataja mwezi wenye joto kali, atatoa tofauti kati ya nyuzijoto za juu na za chini, kisha ataweka kalamu mezani akiamini kwamba amemaliza. Hajamaliza. Ameorodhesha tu vilivyomo, lakini bado hajasema mahali hapo pakoje.

Chukueni miji miwili. Wa kwanza ni Verkhoyansk, kaskazini mashariki mwa Urusi. Mstari wake wa joto unaanzia karibu nyuzijoto 45 chini ya sifuri mwezi Januari, unapanda hadi takribani 16 juu ya sifuri mwezi Julai, kisha unaporomoka tena, kwa hiyo umbo lake ni kama mlima mkali uliochongoka. Mvua na theluji ya mwaka mzima, ikishageuzwa kuwa maji, haifiki milimita 200. Mji wa pili ni Alexandria, kwenye pwani ya Misri, ambako mvua ya mwaka nayo ni karibu milimita 200 au pungufu kidogo. Anayesoma pau peke yake atasema kwamba miji hii miwili inafanana kwa ukame. Lakini ukitoka nje ya Verkhoyansk unaingia kwenye msitu wa milarasi unaoendelea mpaka macho yachoke, na ukiondoka Alexandria kuelekea kusini magharibi, ukishaacha mashamba yanayonyweshwa na Nile, unaingia jangwani.

Maji ni yaleyale, na kilichotofautiana ni joto linaloyadai maji hayo. Kule Siberia hewa ni baridi kwa sehemu kubwa ya mwaka, uvukizi ni mdogo, ardhi ya chini imeganda na haiyaachi maji kuzama, na mvua nyingi hunyesha katika miezi ileile michache ambayo mti unaihitaji. Alexandria mambo yamepinduka: mvua hunyesha katika majira ya baridi, na jua linapofika kilele chake pau zinatoweka kabisa. Hayo yote yamo ndani ya grafu, ila huyaoni mpaka uutazame mstari na pau kwa pamoja, mwezi kwa mwezi.

Wapo waliolifanyia kazi jambo hili kwa umakini mkubwa. Mwaka 1953 Wafaransa wawili, Bagnouls na Gaussen, walipendekeza kanuni rahisi: mwezi uhesabiwe kuwa mkavu iwapo mvua yake kwa milimita ni pungufu ya mara mbili ya jotoridi lake kwa nyuzi za Selsiasi. Kuanzia mwaka 1960 wanasayansi wa Ujerumani, Heinrich Walter na Helmut Lieth, walitumia kanuni hiyo kuchora atlasi ya grafu za tabianchi za dunia nzima. Walipanga mihimili yao ili nyuzijoto 10 zikae usawa mmoja na milimita 20, sifuri ya joto na sifuri ya mvua zikiwa kwenye mstari mmoja. Hivyo, pale mstari wa mvua, maana mvua nayo waliichora kwa mstari, unapozama chini ya mstari wa joto, kiangazi kimeanza. Unapochomoza tena juu, kiangazi kimekwisha. Mtu hahitaji kukokotoa chochote, kwa maana anakiona kipindi cha ukame kwa macho, urefu wake na ukali wake.

Kanuni hiyo ni makadirio. Uvukizi hutegemea pia upepo, unyevu wa hewa na ukali wa jua, vitu ambavyo grafu haivionyeshi. Hata hivyo, kwa jinsi ilivyo nyepesi, inatufikisha mbali sana, na nashangaa kwamba wengi wetu tulimaliza masomo bila kuambiwa kuhusu uwiano huo wa moja kwa mbili.

Karibuni tujadili.

Mwanajiografia Mchanga

Shikamoo Mwalimu. Nashukuru kwa uzi huu, kwani nipo kwenye maandalizi ya mtihani na nimekuwa nikikariri kwamba mvua huchorwa kwa pau na joto huchorwa kwa mstari, bila kuambiwa sababu. Sasa umesema kwamba Walter na Lieth walichora mvua nayo kwa mstari. Je, hao walikosea, au sisi ndio tunaofundishwa jambo lisilo na msingi?

Msoma Ramani

Marahaba mwanangu. Swali lako ni zuri, na msingi upo.

Ugawe mwezi wa Aprili nusu mbili. Kama mwezi mzima ulipata milimita 60 za mvua, kila nusu itakuwa na takribani 30. Lakini kama wastani wa joto la mwezi ulikuwa nyuzijoto 20, kila nusu haiwi na nyuzijoto 10. Inabaki na takribani 20 zilezile. Mvua ni kitu kinachojumlishwa, kwa hiyo mwezi ni kama ndoo: unangoja ijae, unapima, unamwaga, unaanza nyingine. Upau unawakilisha ndoo hiyo vizuri, nao una mwanzo na mwisho wake. Joto halijumlishwi. Lipo kila dakika, likipanda na kushuka bila kukatika, na nukta ya mwezi ni kituo tu katika safari hiyo, ndiyo maana tunaziunganisha nukta kwa mstari. Ukijumlisha pau zote kumi na mbili unapata mvua ya mwaka, jibu lenye maana. Ukijumlisha nukta zote za joto unapata namba isiyo na maana yoyote mpaka uigawe kwa kumi na mbili.

Kwa sababu hiyohiyo upau wa Februari unastahili kuangaliwa kwa uangalifu. Februari ina siku 28, kwa hiyo ndoo yake imekaa nje muda mfupi kuliko ya Januari kwa karibu asilimia 10. Mahali ambapo mvua hunyesha kwa kiwango kilekile kila siku, upau wa Februari bado utaonekana mfupi, na msomaji asiyejua ataandika kwamba mvua imepungua.

Walter na Lieth walijua haya yote. Waliamua kuchora mvua kwa mstari kwa sababu walitaka michoro miwili ikatane, na pau hazikatani vizuri na mstari. Waliacha uaminifu mdogo wa umbo ili wapate jibu la swali kubwa zaidi. Kwenye mtihani wako chora pau kama ulivyofundishwa, ila sasa unaijua sababu.

Fundi Takwimu

Mkuu, nimekusoma kwa makini na nakubaliana na mengi, lakini ninalo pingamizi ambalo naona halikwepeki. Grafu yenye mihimili wima miwili, mmoja kushoto na mwingine kulia, ni grafu inayompa mchoraji uhuru wa kupita kiasi. Nikiubana mhimili wa joto au nikiunyoosha, ninaweza kuufanya mstari ukate pau mahali popote ninapotaka. Singapore, kwa mfano, tofauti kati ya mwezi wake wa joto zaidi na mwezi wake wa baridi zaidi ni takribani nyuzijoto mbili tu. Mhimili ukianza sifuri na kuishia 40, mstari wake utalala kama uzi uliovutwa. Mhimili ukianza 26 na kuishia 29, mstari huohuo utapanda na kushuka kama mawimbi, na msomaji ataapa kwamba Singapore ina majira ya baridi. Takwimu hazikuguswa, ila macho yamedanganywa. Kwa nini basi tusichore grafu mbili tofauti, moja juu ya nyingine, na kumwachia msomaji azilinganishe mwenyewe?

Msoma Ramani

Ndugu Fundi Takwimu, pingamizi lako ni la haki, na nitakubali sehemu kubwa yake. Kukatana kwa mstari na pau kwenye grafu ya kawaida hakuna maana yoyote, na huwa ninasikitika ninapoona mtu anaeleza kukatana huko kana kwamba ni jambo la asili. Kukatana huko kunapata maana pale tu mihimili inapofungwa kwa uwiano unaojulikana, kama ule wa nyuzijoto 10 kwa milimita 20. Nje ya hapo, ni bahati ya mchoraji au uamuzi wa programu ya kompyuta.

Kuhusu hizo programu nina kisa changu mwenyewe. Niliwahi kuandaa somo la kulinganisha London na Mumbai, nikaingiza takwimu, programu ikanichorea grafu mbili nadhifu, nikazibandika ubaoni pamoja. Wanafunzi wakaandika kwamba miji hiyo miwili ina mvua zinazokaribiana, isipokuwa ya Mumbai imejikusanya katikati ya mwaka. Nilianza kuwasahihisha kwa ukali kabla sijaitazama mihimili. Programu ilikuwa imeuweka mhimili wa London uishie 80 na wa Mumbai uishie 1,000, ili kila grafu ijae vizuri kwenye nafasi yake. Wanafunzi walikuwa wamesoma sawasawa kile walichoonyeshwa, na kosa lilikuwa langu. Ukweli ni kwamba mwezi wa Julai peke yake huko Mumbai hupata mvua inayozidi ile ya London ya mwaka mzima, ambayo ni takribani milimita 600.

Nilipozichora upya kwa mhimili mmoja, London ikageuka kuwa safu ya vijiti vifupi ambavyo hata huwezi kuvitofautisha. Ukweli mmoja ulijitokeza na mwingine ukafichika, kwa sababu namna London inavyogawa mvua yake karibu sawasawa katika miezi yote ni jambo linalostahili kuonekana. Walter na Lieth walilitatua hili kwa kuubana mhimili juu ya milimita 100: kila hatua ya juu ya hapo inasimama kwa mara kumi ya hatua ya chini, na eneo hilo linajazwa rangi nzito ili msomaji ajue kwamba sasa yuko kwenye kipimo kingine. Ni ufumbuzi mzuri, ingawa unamtaka msomaji aliyeelezwa kwanza.

Kwa hiyo jibu langu kwa pendekezo lako la grafu mbili ni hili: kwa kulinganisha miji mingi, litumike. Kwa kuuelewa mji mmoja, ninabaki na grafu moja, kwa sharti kwamba mihimili isomwe kabla ya kitu kingine chochote.

Mtunza Kituo

Nimekuwa nikiwafuatilia kimya kimya. Naomba niongeze upande ambao huwa hauzungumzwi, yaani jinsi zile nukta na pau zinavyozaliwa, kwa kuwa niliifanya kazi ya upimaji kwa miaka kadhaa.

Kila siku, saa tatu asubuhi, nilikuwa nikienda kwenye kipimamvua, nikitoa chupa ya ndani na kuyamimina maji kwenye kopo jembamba la kioo lenye alama za milimita. Halafu nilipiga goti. Hilo la kupiga goti lina sababu: maji ndani ya kioo chembamba hupanda kidogo kwenye kuta na kubonyea katikati, na kipimo cha kweli ni cha pale katikati palipobonyea, kwa hiyo jicho lazima liwe usawa mmoja na maji. Ukisoma ukiwa umesimama unapotosha kipimo, na upotoshaji huo ukirudiwa kila siku unaingia kwenye upau. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji iliyomwagika kwenye kila mita ya mraba. Theluji inayeyushwa kwanza, ndipo ipimwe. Upepo nao ni adui mkubwa, kwa sababu hupeperusha matone na hasa chembe za theluji zipite juu ya mdomo wa chombo; pau za sehemu zenye theluji na upepo mkali mara nyingi ni fupi kuliko ukweli.

Vipimajoto vinakaa ndani ya kisanduku cheupe chenye kuta za vibao vilivyoinama, hewa ipite lakini jua lisiingie. Aliyebuni kisanduku hicho ni Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Uskoti, katika karne ya 19. Kimeinuliwa kutoka ardhini kati ya mita 1.25 na mita 2, na mlango wake unaelekea upande ambao jua halitapiga unapofunguliwa. Humo nilisoma joto la juu na la chini la siku. Yakiwa 31 na 22, wastani wa siku ni 26.5, nao haukuwahi kupimwa na chombo chochote. Umetokana na kujumlisha na kugawa kwa mbili.

Sasa fikirini nukta moja ya Julai. Ndani yake kuna siku 31 kwa miaka 30, yaani siku 930, na kwa kuwa kila siku imesomwa mara mbili, kuna masomo 1,860. Mwandishi wa grafu anaweka nukta kwa sekunde moja. Waliopiga goti kwa ajili yake walikuwa wengi.

Mwanajiografia Mchanga

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana kwa maelezo hayo. Kwa nini ni miaka 30 na si 10 au 100?

Mtunza Kituo

Marahaba. Miaka 10 ni michache mno, kwa sababu miaka miwili mitatu ya mafuriko inatosha kuupotosha wastani wote. Miaka 100 ni mingi mno, kwa sababu tabianchi yenyewe hubadilika ndani yake, na wastani unaopata unakuwa wa mahali ambapo hapapo tena. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatumia vipindi vya miaka 30. Kile cha 1961 hadi 1990 kimehifadhiwa kama msingi wa kupimia mabadiliko ya muda mrefu, na kinachotumika sasa kwa kazi za kila siku ni cha 1991 hadi 2020. Ukiona grafu isiyotaja kipindi chake, iulize kwanza umri wake.

Fundi Takwimu

Mzee Mtunza Kituo amenigusa, kwa sababu masomo 1,860 yaliyobanwa kuwa nukta moja ni hasara kubwa ya taarifa. Quito, mji ulio karibu kabisa na ikweta kwenye mwinuko wa takribani mita 2,850, una mstari ulionyooka kuliko karibu miji yote mnayoweza kuitaja; kila mwezi uko karibu nyuzijoto 14 au 15. Msomaji ataamini kwamba hali ya hewa ya Quito haibadiliki. Lakini katika siku moja hiyohiyo, mchana unaweza kufika nyuzijoto 20 na usiku ukashuka hadi 10 au chini yake. Mabadiliko yapo, yamehamia ndani ya siku, mahali ambapo wastani wa mwezi hauwezi kuyaona.

Kwa mvua hali ni mbaya zaidi. Milimita 100 za mwezi zinaweza kuwa dhoruba mbili zilizobomoa daraja, au siku ishirini za manyunyu, na upau utakuwa na urefu uleule. Na jangwani, wastani wa milimita 10 kwa mwaka unaweza kuwa umetokana na miaka mingi isiyo na tone na siku moja ya gharika. Wastani wa namna hiyo haujawahi kumtokea mtu yeyote.

Msoma Ramani

Hapo sina la kupinga. Ninachopendekeza kwa wanaochora ni kuongeza kwenye kila upau kijistari chembamba kinachoonyesha mvua nyingi zaidi na mvua kidogo zaidi ambayo mwezi huo ulipata katika ile miaka 30. Kwa joto, mistari miwili hafifu, mmoja wa wastani wa joto la juu la mchana na mwingine wa joto la chini la usiku, inatosha kuifichua Quito. Grafu inajaa kidogo, lakini inasema kweli zaidi.

Ila naomba tusiiache Quito haraka, maana pau zake zina vilele viwili kwa mwaka, kimoja karibu na Aprili na kingine karibu na Oktoba na Novemba. Jua hupita utosini ikweta mara mbili, mwezi Machi na mwezi Septemba, na ukanda wa mvua hulifuata kwa kuchelewa kidogo. Kiswahili kina majina ya vilele vya namna hiyo tangu zamani, masika na vuli, na mtu anayeyajua majina hayo anaweza kuikisia latitudo ya grafu kabla hajaambiwa jina la mji.

Fundi Takwimu

Basi nikupeni grafu isiyo na jina, muikisie. Mstari wa joto uko takribani nyuzijoto 23 mwezi Februari, unateremka polepole hadi karibu 16 au 17 mwezi Agosti, kisha unapanda tena. Pau karibu hazionekani kabisa. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 20.

Mwanajiografia Mchanga

Najaribu. Mwezi wa joto zaidi ni Februari na wa baridi zaidi ni Agosti, kwa hiyo mji uko kusini mwa ikweta. Tofauti ya joto ni nyuzi sita au saba tu, jambo linaloashiria kwamba bahari iko karibu, kwani majangwa ya mbali na bahari huwa na tofauti kubwa. Mvua hakuna, kwa hiyo ni jangwa la pwani. Nasita kati ya Amerika ya Kusini na kusini magharibi mwa Afrika.

Msoma Ramani

Umefika mlangoni. Ni Lima, mji mkuu wa Peru. Iko kwenye latitudo ya 12 kusini, mahali ambapo ungetegemea joto kali la tropiki, lakini mkondo baridi wa Humboldt unapita mbele yake. Bahari baridi huipoza hewa ya chini, hewa hiyo nzito haipandi, na hewa isiyopanda haileti mvua.

Nimefurahi kwamba Fundi ameichagua Lima, kwa sababu grafu yake itamfanya mtu afikirie anga la buluu na jua la kuchoma, kumbe katika miezi ya baridi mji huo hufunikwa na mawingu mazito ya chini kwa wiki nyingi mfululizo, hewa imejaa unyevu, na manyunyu laini yanalowesha barabara bila kujaza chochote cha maana kwenye kile kipimamvua cha Mzee. Jangwa la mawingu! Grafu haina mhimili wa mawingu wala wa unyevu, na hatuna haki ya kuidai kitu ambacho haikupewa.

Lakini zipo nyakati ambapo mawingu yanaonekana, kwa msomaji anayetazama pau na mstari kwa pamoja. Rudini Mumbai. Iko kaskazini mwa ikweta, na tungetarajia mstari wake ufike kilele Julai. Haufiki. Kilele kiko Mei, takribani nyuzijoto 30. Juni pau zinaruka ghafla, pepo za msimu zikiwa zimeingia kutoka baharini, na mstari unashuka nyuzi mbili tatu, unakaa huko hadi Septemba, kisha Oktoba unapanda tena kidogo mvua inapoondoka. Kile kibonde katikati ya mstari ni mawingu yaliyolizuia jua, na ardhi iliyolowa inayotumia joto kuvukiza maji badala ya kuipasha hewa. Anayesoma mstari peke yake hataelewa kwa nini joto limeshuka katikati ya majira ya joto. Jibu limesimama chini yake, kwenye pau.

Mwanajiografia Mchanga

Mwalimu, nimekaa na karatasi ya miraba jioni nzima. Nimeichora Athens kwa uwiano wa nyuzijoto 10 kwa milimita 20, na kando yake London kwa uwiano uleule. Jumla za mwaka hazipishani sana kama nilivyodhani: Athens ina takribani milimita 400 na London takribani 600. Pau za Athens za Novemba na Desemba zinakaribiana kabisa na za London. Lakini kwenye London mvua haikuzama chini ya joto hata mwezi mmoja. Julai ndiyo niliyoihofia, kwa kuwa joto ni takribani nyuzijoto 19, hivyo mpaka ni milimita 38, na mvua yake bado imesimama juu ya hapo. Kwenye Athens, kuanzia Mei hadi Septemba mvua iko chini kabisa. Julai joto ni karibu nyuzijoto 29, kwa hiyo mpaka ni milimita 58, na mvua yenyewe haifiki hata 15. Nimelipaka rangi ya njano pengo lote lililopo katikati ya mistari miwili, na limetokea umbo kama jani lililolala.

Kinachonisumbua ni Aprili. Joto ni karibu nyuzijoto 16, mpaka ni milimita 32, na mvua inakaribiana mno na mpaka huo. Sijui niipake njano au niiache.

Msoma Ramani

Umefanya kazi nzuri sana mwanangu, na hilo jani la njano ndilo kila kitu nilichotaka kusema nilipoanzisha uzi huu.

Usiipake Aprili kwanza. Tafuta takwimu za Athens za 1961 hadi 1990, na za kituo hichohicho za 1991 hadi 2020, uzichore kwa karatasi mbili na mihimili ileile, kisha uziweke moja juu ya nyingine dirishani, mwanga ukipita nyuma yake. Hakikisha kituo ni kimoja, maana vituo viwili vya mji mmoja hutofautiana kiasi cha kutosha kuupotosha mwezi ulio mpakani kama huu. Ncha ya kushoto ya jani ndiyo ya kutazama, uone kama imebaki mahali pake.

Mwanajiografia Mchanga

Nimepata karatasi ya pili. Naanza na Januari.